Alama Iko Ukutani, Majibu Yako Wapi?

Jumanne kijana mwenye tableti na buti mpya alibisha hodi kwa mama, hapa Kilembe, magharibi mwa Uganda. Adabu tele. "Mama, naomba unionyeshe maji ya mafuriko yalifika wapi mwaka 2013."

Mama akamwonyesha. Alama iko ukutani, usawa wa kiuno changu, kwa kalamu nyekundu. Aliyeichora ni mtafiti wa kwanza. Wa pili alikuja akaipiga picha alama ya wa kwanza. Huyu wa tatu akatoa futi kamba, akaipima, akaandika, akashukuru. Ndipo mama akamuuliza: "Mwanangu, wale wenzako wawili, majibu yao walimpelekea nani?"

Kijana akacheka kwa aibu. Mimi nilikuwa mlangoni na sikucheka.

Sina ugomvi na sayansi. Ugomvi wangu ni huu: tumepimwa hadi tumechoka, na kinachopatikana hakirudi kwa aliyepimwa. Tarehe 1 Mei 2013, mto Nyamwamba ulipokuja ukisukuma mawe makubwa kama lori, hapa bondeni kila mtu alikuwa na sababu yake. Wazee walisema mlima umekasirika. Wanasiasa walisema ni mabadiliko ya tabianchi, ambayo kwa midomo yao ni namna ya kisomi ya kusema mlima umekasirika. Watafiti ndio waliofuatilia hadi juu wakaona kwamba mwaka 2012 moto ulikuwa umeunguza sehemu za juu za bonde, kisha mvua kubwa ikaja na maporomoko ya ardhi yakaumwagia mto mawe na magogo.

Hebu fikirini uzito wa jambo hilo. Maana yake ukiona moshi juu ya milima yetu ya Rwenzori mwaka huu, anza kuiogopa mvua ya mwaka ujao. Hiyo ni tahadhari ambayo bibi asiyejua kusoma anaweza kuitumia, haihitaji setilaiti wala bando. Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, angeitangaza kwenye matanga, padri angeitangaza baada ya misa. Nani alituambia? Mimi niliisoma miaka kadhaa baadaye, nikiwa Kampala, kwa Kiingereza kilichonilazimu kurudia kila sentensi mara mbili. Mama yangu, ambaye nyumba yake imo ndani ya takwimu zao, aliisikia kutoka kwangu tukimenya viazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ule moshi." Alikuwa ameuona! Wote waliuona.

Na mto ukarudi. Mei 2020, usiku, hospitali yetu iliyoachwa na enzi za mgodi wa shaba ikavunjwavunjwa na mawe yaleyale.

Kuhusu lugha, na hili nalisema kwa kupita: Kilembe ilikusanya wachimba migodi wa makabila mengi, ndiyo maana baba, Mkonzo, alirudi nyumbani na Kiswahili cha shimoni na mimi nikakirithi. Mgodi ulifungwa 1982, lugha ikabaki. Tahadhari za mvua zinazonifikia kwenye simu ni za Kiingereza, zinasema "juu ya wastani katika sehemu nyingi za nchi." Asanteni sana. Nihame au nianue nguo?

Haya, nitoe haki pale inapostahili, japo kwa shingo upande. Novemba 2015 Msalaba Mwekundu wa Uganda waliufuata utabiri wa GloFAS, mfumo wa Ulaya unaotazama mito ya dunia nzima, wakagawa madumu, sabuni na vidonge vya kusafishia maji kule Kapelebyong, eneo la Teso, bila kusubiri watu walie kwanza. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani. Nawapa maksi zao zote. Lakini Teso ni tambarare; kule maji hujaa taratibu kwenye vinamasi. Nyamwamba unadondoka kutoka mlimani, mvua ya jioni inakuwa jeneza la usiku. Mfumo unaogawa dunia kwa viraba vya kilomita kadhaa unalionaje bonde ambalo nikipiga mluzi upande huu wananijibu upande wa pili?

Kwetu sisi mtabiri ni mtu aliye juu, mwenye kipima mvua, simu yenye chaji na namba ya mtu aliye chini. Watu wa namna hiyo hata wapo: tangu 2017 kuna wakazi wa Rwenzori waliofundishwa kurekodi maporomoko na mafuriko kwa simu, kazi waliyoianza watafiti, na naisifu. Sasa basi, simu ileile inayopeleka habari chuoni ishindwe vipi kupigwa hapa bondeni, saa mbili kabla ya maji kufika?

Kuchimbua mawe mtoni sikuzungumzii. Wanayarundika kando, mto unayachukua tena.

Kabla kijana hajaondoka, mama alimpa kalamu akamwambia aandike namba yake ya simu ukutani, chini ya alama. "Ili nijue nimpigie nani." Akaandika, maskini, kwa mwandiko mzuri.

Jana jioni niliipiga. Alipokea, namsifu kwa hilo. Akasema data bado zinachambuliwa. Kisha akaniuliza kama huku kunanyesha.

Kulikuwa kunanyesha.