Neno "Set" Limetuchosha
Hivi, ndugu zangu tunaojifunza Kiingereza, nani aliyeamua kwamba jua likizama, meza ikiandaliwa, mtego ukitegwa, mtihani ukitungwa, mfupa uliovunjika ukiungwa na saruji ikiganda, yote hayo yabebwe na kijineno kimoja cha herufi tatu, "set"? Toleo la 1989 la kamusi kubwa ya Oxford lilikipa maana 430! Jana usiku nilipitisha kidole mstari kwa mstari katika kamusi yangu ndogo mpaka macho yakauma, na ile ya saruji sikuifikia. Halafu hata wakati uliopita haukibadilishi: leo "set", jana "set". Kisha mwalimu anatuambia tuangalie muktadha. Muktadha upi, jamani, katika sentensi ya maneno manne?