Rula, bunduki au kamati ya mwalo: nani ashike sheria ya ziwa?

Juni 2018 maofisa uvuvi waliingia katika mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakiwa na rula. Walipima sato walioandaliwa kwa ajili ya wabunge, na kwa kuwa wapo waliopungua sentimita 25 zinazotakiwa, mtoa huduma akatozwa faini ya shilingi 300,000. Wabunge waliwaka, mitaani watu wakacheka, na wapishi wakakumbusha jambo ambalo kila mwenye sufuria analijua: samaki akipita motoni hujikunja.

Kisheria rula ile ilikuwa na hoja. Kasoro ilikuwa mahali ilipotumika. Mpaka sato afike sahani ya mbunge ameshapita kwenye wavu, mtumbwi, mwalo (mahali mitumbwi inaposhusha samaki), tenga la mchuuzi, gari la barafu na soko, na karibu kila kituo kina mtu mwenye mamlaka ya kumzuia. Kwa hiyo ukiuliza nani asimamie sheria za uvuvi, vyombo vya majini na uwindaji, unauliza pia asimame wapi na analipwa na nani. Mjadala wetu umejaa sare na silaha, na maswali haya mawili huachwa nyuma.

Ziwa Victoria ni darasa zuri kwa sababu nchi tatu zimejibu swali hilo kwa njia tatu juu ya samaki walewale. Lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi: takriban nusu ni Tanzania, sehemu kubwa ya iliyobaki ni Uganda, na Kenya ina asilimia 6 tu. Tangu 1994 zina mkataba wa pamoja uliounda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, na zote zilikubali mfumo wa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa rasilimali inayochaguliwa mwaloni na wenye mitumbwi, vibarua, wachuuzi na wachakataji. Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake.

Uganda imeenda mbali kuliko wote. Novemba 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi, Rais Museveni alisimamisha BMU na shughuli za ukaguzi majini. Uchaguzi ulipopita, zana haramu zilikuwa zimejaa, na 2017 jeshi likaingizwa ziwani kupitia kikosi maalumu cha kulinda uvuvi. Wanaotetea jeshi wana hoja nzito. Mwanajeshi hana shemeji mwaloni. Boti na mafuta anavyo, halafu kambi yake iko kisiwani hukohuko, kwa hiyo simu ya kutonyana haina kazi kubwa kama pale doria inapotoka mjini. Sangara wakubwa walionekana tena kwenye mizani, na viwanda vya minofu vilivyokuwa hoi vikapata malighafi.

Lakini mwanajeshi hufundishwa kumkabili adui, na mvuvi mwenye wavu wa macho madogo si adui. Malalamiko ya kupigwa, ya mitumbwi kuchomwa na ya watu kufa maji wakikimbia boti za jeshi yamefika katika Bunge la Uganda zaidi ya mara moja. Chukua kanuni ya mtumbwi usiopungua futi 28. Sababu yake inaeleweka: mtumbwi mfupi hauwezi kwenda kilindini, hivyo hubaki kwenye mazalia karibu na ufuo, na wimbi likipanda hupinduka upesi. Afisa uvuvi anaweza kumpa mwenye mtumbwi wa futi 24 muda wa kubadilisha chombo. Askari aliyeambiwa asafishe ziwa hubeba kiberiti. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye picha za nyavu zikiungua: jeshi lilipochukua kazi, kamati za mwalo zilikosa kazi. Siku likiondoka, atakayebaki na daftari la mitumbwi ni nani?

Kenya ilizindua Kikosi cha Walinzi wa Pwani Novemba 2018, chenye mamlaka hadi kwenye maziwa, huku BMU zikiendelea kwa kanuni za 2007. Njia hiyo ni ya kati na kati, na udogo wa sehemu ya ziwa iliyo ya Kenya humfanya mvuvi wa Kenya aogope zaidi askari wa upande wa pili wa mpaka kuliko wa kwao.

Tanzania imebaki na rula. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inampa afisa uvuvi nguvu ya kukagua na kukamata, na inazitambua BMU. Nguvu hiyo ikishuka majini hukutana na bei ya petroli. Injini ya kupachika ya farasi 40 ikikimbizwa hunywa lita 15 hivi kwa saa, na ya stroki mbili hunywa zaidi. Doria ya saa sita ni lita 90, bado hujalipa posho ya nahodha na askari wa kulinda boti. Halmashauri yenye mialo kadhaa na boti moja haiwezi kufanya hivyo kila wiki. Kinachotokea kila mtu mwaloni anakijua: afisa huomba mafuta kwa BMU, BMU huchangisha wenye mitumbwi, na mwenye mitumbwi mingi ndiye anayechangia galoni nyingi. Usiku wa doria yeye ana taarifa kabla injini haijawashwa.

BMU nazo si malaika. Mwenyekiti mara nyingi ni tajiri wa mitumbwi, na fedha za kamati hutokana na ushuru wa samaki haohao inaopaswa kuwazuia. Ukikataa shehena ya samaki wachanga unapunguza mapato yako, kisha kesho unakutana na mwenye shehena msibani. Hata hivyo kamati ina kitu ambacho hakuna jeshi linaloweza kukinunua: inajua. Wavu lazima uanikwe, ushonwe na uhifadhiwe, na nyavu haramu za timba zilizofichwa chini ya kitanda zinajulikana na jirani kabla hazijalowa. Samaki naye lazima ashushwe mahali fulani. Ukaguzi wa nchi kavu, mitumbwi inapoondoka na inaporudi, hauli hata lita moja ya petroli.

Doria zikipigiwa makofi, kazi ya ushahidi husahaulika. Kupima jicho la wavu kunaonekana rahisi mpaka wakili asimame. Wavu ulowekwe, jicho livutwe kwa mshazari hadi lifumbe, kisha upime kutoka fundo hadi fundo. Usipime moja: pima kumi mfululizo, mbali na kingo na mahali palipotiwa kiraka, uchukue wastani. Kama kipimo kinachotakiwa ni inchi 6, yaani milimita 152, na wewe umepima jicho moja lililokutwa na milimita 148, huna kesi. Andika urefu wa wavu, rangi, alama ya mtumbwi, mahali na saa. Mwenye mali asaini hati ya ukamataji pamoja na shahidi asiye askari. Kata kipande, kifunge lebo. Samaki wanaooza watahitaji amri ya hakimu ili wagawiwe au wateketezwe, na nyavu vilevile. Anayechoma kwanza na kwenda mahakamani baadaye amechoma kielelezo chake mwenyewe.

Somo hili taifa liliwahi kulilipia. Meli ya Tawariq 1 ilikamatwa 2009 ikivua katika bahari ya Tanzania, na shehena yake ikaingia kwenye lugha yetu kama samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati ule. Ukamataji ulikuwa wa kusifiwa. Lakini 2014 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu kwa kasoro ya utaratibu, kwa sababu kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka hakikuwa kimepatikana kama sheria ilivyotaka. Boti yenye nguvu humfikisha mtuhumiwa gatini. Kumfikisha hukumuni ni kazi ya karatasi.

Kwa sababu hiyo hupendwa sana kufifilisha makosa, yaani mkosaji akiri na kulipa faini bila kesi. Ni njia ya haraka, na kwa kosa dogo ni ya haki kuliko kumsotesha kibarua mahabusu. Ikigeuka chanzo cha mapato inaharibu kila kitu, kwani kikosi kinachosifiwa kwa kiasi cha faini kitamwacha anayevua kwa baruti asiye na fedha na kumfuata mwenye kiwanda au mgahawa. Ndivyo rula inavyofika Dodoma.

Upande wa wanyamapori Tanzania ilichagua kinyume. Marekebisho ya sheria ya 2020 yaliunda Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, maarufu jeshi usu, likijumuisha hifadhi za taifa (TANAPA), mamlaka ya wanyamapori (TAWA), Ngorongoro na wakala wa misitu (TFS). Mwindaji haramu hukutana na bunduki, mvuvi haramu hukutana na kipimo. Kuna sababu: tembo walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 mwaka 2009, na sensa ya 2014 ikakuta 43,000 hivi. Anayeua tembo huja na silaha, na huwezi kumpelekea mjumbe wa kamati. Lakini Operesheni Tokomeza ya 2013, iliyochanganya jeshi, polisi na askari wa wanyamapori, ilisimamishwa ndani ya mwezi mmoja hivi kwa taarifa za mateso na vifo vya raia, na mawaziri wanne wakang'oka Desemba mwaka huo. Kilichokuja kuuma biashara ya pembe ni upelelezi wa taratibu uliofuata fedha na magari hadi kwa wanunuzi wakubwa, akiwamo Yang Fenglan, aliyefungwa miaka 15 mwaka 2019. Pwani nako, baruti zilipungua pale kikosi kazi cha pamoja kilichoanza 2015 kilipokwenda kwenye chanzo cha vilipuzi na kuwashtaki wahusika kwa uhujumu uchumi, badala ya kungoja mlipuko usikike.

Vyombo vya majini vina kasoro ya namna yake. Kivuko cha MV Nyerere kilizama Septemba 20, 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora siku ya mnada. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Hapakuhitajika boti ya doria kuona hatari ile. Ilihitajika mtu mmoja gatini mwenye haki ya kusema kamba isifunguliwe. Kivuko kilikuwa cha serikali, na ndiyo sababu msimamizi wa usalama hapaswi kuwa chini ya mwenye chombo wala anayekusanya nauli. TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo hivi, linaposema hapana, hapana yake iwe na uzito uleule kwa mtumbwi wa mtu binafsi na kwa kivuko cha wakala wa serikali. Jaketi okozi vivyo hivyo hukaguliwa mwaloni, kabla ya safari.

Kwa maoni yetu kazi igawanywe kwa aina ya kosa. Macho ya nyavu, ukubwa wa samaki na jaketi vibaki kwa BMU na afisa uvuvi, nchi kavu, huku posho ya kamati ikitoka mahali pengine na si kwenye shehena inayokaguliwa. Baruti, wizi wa injini na ujambazi majini viende kwa kikosi chenye silaha, lakini afisa uvuvi awe ndani ya boti na yeye ndiye atoe amri kuhusu kielelezo. Wanaopinga husema ukigawa mamlaka kila mmoja atasema si langu. Hoja hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni daftari moja la mitumbwi na leseni linalosomwa na wote, jambo gumu kuliko kununua boti mpya.

Hata hapo linabaki pengo la Soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ambako malori hupakia samaki wa kwenda Congo na Burundi. Kiwanda cha minofu humkataa sangara mchanga getini. Anayekataliwa hugeuzwa kayabo. Akishapasuliwa, akapakwa chumvi na kukaushwa, mara nyingine bila kichwa, kipimo cha chini cha sangara, sentimita 50, hakina pa kushika. Mkaguzi wa pale anahitaji jedwali linalolinganisha upana wa mkia au unene wa uti wa mgongo na urefu wa samaki mzima, lenye nguvu ya kanuni. Bila hilo anabaki kuhesabu magunia, na lori linaondoka.