Nadharia ya amiloidi tusiizike mapema

Tangu makala ya mwaka 2006 kuhusu amiloidi, protini inayojikusanya na kuwa mabonge ubongoni, ifutwe na jarida la Nature mwaka 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa, wengi wamehitimisha kwamba nadharia nzima inayosema protini hii ndiyo inayoanzisha Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilikuwa uongo. Hapo wanakosea. Makala ile ilihusu umbo moja tu la amiloidi. Nadharia yenyewe ilikuwepo tangu 1992, na nguvu yake inatoka kwenye jeni.

Jeni ya APP, inayotengeneza protini ambayo hukatwa na kutoa amiloidi, iko kwenye kromosomu ya 21. Wenye sindromu ya Down wana nakala tatu za kromosomu hiyo, na wakifika miaka 40 karibu wote wana mabonge ya amiloidi ubongoni. Kisha mwaka 2012 watafiti wa Aisilandi wakaeleza badiliko la herufi moja kwenye jeni hiyohiyo, linalokizuia kimeng'enya cha beta-sekretasi, ambacho ndicho mkasi wa kwanza, kuikata protini vizuri. Maabarani, amiloidi ilipungua kwa takriban asilimia 40, na waliozaliwa na badiliko hilo walikingwa na ugonjwa hata uzeeni. Ni jeni ileile: ikizidi, ugonjwa unawahi, amiloidi yake ikipungua, ugonjwa unakaa mbali. Anayesema amiloidi haihusiki aanze kwa kulijibu hilo.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Lecanemab, kingamwili inayoondoa amiloidi, ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Kasi ya kudhoofika ilipungua kwa asilimia 27, na ndiyo takwimu inayotangazwa. Lakini kwenye kipimo chenyewe cha kumbukumbu na utendaji, chenye alama 18, tofauti kati ya waliopewa dawa na waliopewa dawa bandia ilikuwa 0.45. Hiyo ni chini ya nusu alama, ambayo mke au mtoto anayemhudumia mgonjwa huenda asiione kabisa, huku asilimia 12.6 ya waliopewa dawa wakipata uvimbe ubongoni.

Hata hivyo, namba hiyo inapima dawa iliyochelewa. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 au zaidi kabla ya mtu kusahau lolote. Dalili zinapotokea, protini nyingine, tau, imeshajisokota ndani ya seli na kuenea, na seli zimeanza kufa. Kuna mwanamke wa Kolombia aliyerithi jeni inayoleta ugonjwa mtu akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, lakini kumbukumbu yake ilianza kuyumba akiwa na zaidi ya miaka 70. Ubongo wake ulijaa amiloidi, ila tau ilikuwa kidogo. Alikuwa na nakala mbili za aina adimu ya jeni nyingine, APOE, inayodhaniwa ndiyo iliyomkinga. Wapinzani humtaja kama ushahidi wao. Ninavyomwona mimi, amiloidi ilianzisha safari, hatua ya pili ikazuiwa.

Ndiyo maana nalisubiri jaribio la AHEAD 3-45, ambalo linawapa lecanemab watu wenye amiloidi wasio na dalili bado. Likishindwa hilo, wapinzani watakuwa na hoja ambayo leo hawana.