Choo Kilichonusurika Muchelney

Katika kijiji cha Muchelney, Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna kanisa la parokia la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo ambalo mpaka leo watu husali ndani yake, na ubavuni mwake, kwa mwendo wa hatua chache tu, imelala misingi ya kanisa jingine kubwa zaidi lililokuwa la watawa Wabenedikto. Jina la kijiji lina maana ya kisiwa kikubwa, na halikutolewa kwa mapambo: mafuriko ya majira ya baridi ya mwaka 2014 yalikata barabara, wakazi wakawa wanavuka kwa boti.

Mgeni huweza kujiuliza kwa nini makanisa mawili yalijengwa karibu hivyo. Watawa walikuwa na ratiba yao ya zaburi, usiku na mchana, ilhali wanakijiji walihitaji pa kubatizia watoto, kufungia ndoa na kuombea marehemu wao. Mfalme Henry wa Nane alipozifunga monasteri, zamu ya Muchelney ikafika mwaka 1538, na kilichotwaliwa kilikuwa mali ya watawa, parokia ikaachwa. Ndiyo maana kanisa kubwa lilibomolewa, dogo likasimama.

Lakini ndani ya eneo la watawa kwenyewe, si kila kitu kiliangushwa. Nyumba ya abate, yaani mkuu wa watawa, ambayo ilikuwa bado mpya, ilifaa kukaliwa na mkulima, ikakaliwa. Kilichonusurika pamoja nayo ni choo cha watawa, jengo la mawe lenye sehemu ya chini na ya juu lililoezekwa kwa nyasi, ambalo halina mwenzake Uingereza nzima. Watawa waliingia kwa juu wakitokea bwenini, wakaketi kwenye viti vya mbao vilivyopangwa kwa safu, na uchafu ukaanguka chini, ambako ulizolewa kupitia matundu ya matao. Wapo wanaocheka wakisikia kwamba madhabahu ilivunjwa, choo kikabaki. Mimi naona hapo ndipo penye historia yenyewe, kwa sababu wabomoaji hawakupima utakatifu wa jengo. Walitazama kama lina kazi shambani.

Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono fikra ya kuzijenga upya kuta za kanisa lililobomolewa ili wageni wapate cha kupiga picha. Misingi ile iliyoonyeshwa kwenye majani haina urefu wa kumshangaza mtu, nakiri. Hata hivyo, ndani ya mistari ya kanisa la Kinormani, la zama za Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, umo mstari wa kanisa dogo la Kianglo-Saksoni, la wenyeji wa kabla yao, lililotangulia, na ukuta wowote utakaoinuliwa leo utalazimika kuchagua karne moja na kuzifukia nyingine. Acha mawe yalale yalivyo, mtu ayasome kwa miguu.

Ninacholalamikia ni kwamba wageni wengi hulipa kiingilio cha magofu, wakazunguka, wakaondoka bila kusukuma mlango wa kanisa la parokia, ilhali humo sakafuni vimetandazwa vigae vya zamani vilivyotoka kwenye abasia, yaani monasteri ile iliyofungwa, na waumini huvikanyaga kila waendapo kusali. Aliyeondoka bila kuviona ameiona abasia nusu.