Manahodha Wetu Nao Wapendekezwe

Tangu nihamie Marekani nimeona jinsi watu wa huku wanavyoutunzia uvuvi wa michezo kumbukumbu rasmi, kwa uangalifu ambao sisi wa pwani ya Kenya, tuliolelewa kando ya maji yenye jodari, na yenye sulisuli na nduwaro, samaki wakubwa wenye mdomo mrefu kama mkuki, hatujaupa uvuvi wetu. Shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, linalofahamika kwa kifupi kama IGFA, lilianzishwa mwaka 1939 mjini New York, na mwaka 1998 likaanzisha Jumba la Heshima kwa ajili ya watu walioutumikia uvuvi huo. Utaratibu wa kuwachagua watu hao una jambo moja zuri ambalo tungepaswa kuliiga nyumbani, na una kasoro moja ambayo inatuumiza sisi zaidi ya wengine, hasa manahodha wetu wanaowapeleka wageni kuvua.

Wengi hudhani kwamba anayeingia humo ni yule aliyevua samaki mkubwa kupita wote. Sivyo. Samaki wakubwa wana daftari lao la rekodi, na huko mizani ndiyo inayoamua. Tarehe 4 Agosti 1953, huko Cabo Blanco nchini Peru, Alfred Glassell alivua nduwaro mweusi wa pauni 1,560, yaani zaidi ya kilo 700, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Mwaka 2009, Manabu Kurita alivua katika Ziwa Biwa, Japani, samaki aina ya besi aliyemzidi kwa chini ya wakia moja (kama gramu 28) yule aliyevuliwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932, lakini kwa kuwa kanuni hudai tofauti ya wakia mbili, wawili hao wakahesabiwa kuwa sawa. Hapo hakuna anayeulizwa maoni yake.

Jumba la Heshima huenda kwa njia nyingine kabisa. Mtu hupendekezwa kwa maandishi yanayoeleza maisha yake na mchango wake, kisha kamati hupima. Milango iko wazi kwa wavuvi, manahodha, wanasayansi, watunzaji wa mazingira, waandishi na wabunifu wa zana, na kufa hakumwondolei mtu sifa, kwani Izaak Walton, Mwingereza aliyefariki mwaka 1683, amo. Wamo pia waandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway na Zane Grey, na hata Ted Williams ambaye dunia inamjua zaidi kwa besiboli. Kwangu mimi huu ni uamuzi wa busara, kwa sababu uzito wa samaki una sehemu yake ya bahati, ilhali kumfundisha mtu kuvua, kumchunguza samaki hadi ukajua anakohamia, au kuwazoesha wavuvi kumrudisha baharini akiwa hai, ni kazi ya miaka mingi ambayo hakuna mizani ya kuipima.

Kasoro ninayoiona ni kwamba kila kitu huanzia kwenye karatasi. Kamati haiwezi kumchagua mtu ambaye jina lake halijafika mezani, na majina yanayofika kwa urahisi ni ya wale walioandika vitabu, walioandikwa magazetini, au waliokuwa na marafiki wenye kujua kuandika barua ya kushawishi. Hemingway alikuwa na uzito huo wote kabla ya mtu yeyote kumpendekeza. Alipokuja kwetu Shimoni mwaka 1954 kuvua, akiwa bado na majeraha ya ajali mbili za ndege alizozipata Uganda, habari zake zilizunguka dunia. Mabaharia wa pwani waliokuwa wakiwahudumia wageni wa namna yake miaka hiyo walibaki kuwa watu wa botini tu.

Nawazungumzia watu ninaowafahamu kwa kazi yao. Nahodha wa Watamu au Malindi, upepo wa kaskazi ukishatulia, huondoka alfajiri na mteja ambaye pengine hajawahi kushika fimbo ya kuvulia. Huwatazama ndege wanavyojirusha majini, hutambua mahali ambapo maji yamebadilika rangi, huamua chambo kipi kiburutwe na kwa mwendo gani, na sulisuli akinasa, hugeuza boti taratibu ili mshipi usikatike. Kanuni za IGFA hazimruhusu mtu mwingine kugusa fimbo au mshipi wakati mvuvi anapambana na samaki wake, na kanuni hiyo ni ya haki kabisa kwa upande wa rekodi. Lakini matokeo yake ni kwamba kombe la klabu hubeba jina la mteja, na wiki inayofuata mteja yuko kwao, wakati yule aliyempata samaki kwa akili yake anaosha sitaha.

Nimewahi kujibiwa kwamba nahodha analipwa mshahara, hivyo hadai zaidi. Jibu hilo halinitoshi. Manahodha wa Florida nao walilipwa, na bado wanahesabiwa miongoni mwa wanaostahili Jumba la Heshima, kwa sababu watu wa huku walikaa chini wakaandika nani alibuni nini na nani alimfundisha nani.

Nyumbani hatuanzi bila chochote. Taasisi ya African Billfish Foundation, yenye makao yake Watamu, imekuwa ikiwatia alama sulisuli na nduwaro na kuwaachilia, na kazi hiyo isingewezekana bila mikono ya mabaharia wanaomshikilia samaki ubavuni mwa boti na kumchoma kibandiko chenye namba kabla hajachoka. Huo ni mchango kwa sayansi, wa aina ileile ambayo Jumba la Heshima linasema linauheshimu. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mzee mmoja mmoja, kuandika alianza lini, alifunzwa na nani, aliongoza boti zipi, vijana gani walipitia mikononi mwake, kisha kutafuta sahihi za wateja na manahodha wenzake wanaoweza kuthibitisha. Vijana wa Watamu, Malindi na Shimoni wakiyakusanya maelezo hayo kwa Kiswahili, mimi nitayatafsiri na kuyafikisha kwa kamati.