Saa 500 za Kiingereza kabla ya darasa la tano

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na masomo ya sayansi yafundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Tanzania Bara, kwa skuli za Serikali, mtoto humaliza msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza cha karibu masomo yote akifika kidato cha kwanza. Tangu uamuzi ule ubishi haujesha visiwani. Wapo wanaosema mtoto anabebeshwa mzigo kabla hajakomaa, na wapo wanaosema tumechelewa, angebebeshwa tangu darasa la kwanza. Wote wana hoja za kweli. Lakini wote huruka swali linalotangulia: mtoto huyo anafika darasa la tano na Kiingereza kiasi gani, na kile alichofundishwa miaka minne ya mwanzo kimepotelea wapi?

Tupige hesabu. Vipindi vitano vya Kiingereza kwa wiki, kila kimoja dakika 40, ni dakika 200. Kwa wiki 38 za masomo ni dakika 7,600, yaani saa 126 na dakika 40. Miaka minne inatoa saa 500 na ushei. Makadirio yanayotumika sana kwa vipimo vya lugha vya Ulaya ni kwamba mwanafunzi huhitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa ili afike ngazi ya B1, ambapo mtu huweza kujieleza na kufuata maelezo ya mambo anayoyajua. Kwa hesabu ya karatasi, basi, mtoto wetu angeingia darasa la tano akiwa tayari.

Makadirio hayo, ni kweli, yanawafaa zaidi wanafunzi wakubwa, wenye kitabu mkononi na darasa dogo, na mtoto wa darasa la kwanza bado anajifunza kusoma hata kwa Kiswahili. Haya, tukate nusu nzima kwa sababu hiyo. Zinabaki saa 250, na kwa saa hizo mtoto angeweza kusimulia siku yake kwa sentensi kumi zinazoeleweka. Wengi hawawezi. Kwa hiyo upotevu mkubwa umo ndani ya kipindi chenyewe.

Chukua darasa la watoto 60. Mwalimu akimpa kila mmoja nusu dakika ya kusema, dakika 30 zimekwisha, na yeye mwenyewe hajafungua kinywa. Ndiyo maana hushika njia nyepesi: anasoma sentensi, darasa zima linaitikia. Sauti inajaa chumba na mpita njia anadhani kazi inafanyika, lakini anayeitikia ndani ya sauti 60 hana haja ya kujua anasema nini. Kisha maelezo huandikwa ubaoni na kunakiliwa kwenye daftari, robo saa nyingine. Muda wa mtoto kutunga sentensi yake mwenyewe mara nyingi haupo kabisa. Watafiti Nancy Hornberger na Keith Chick, walipolinganisha madarasa ya Peru na Afrika Kusini, walieleza kwamba mwalimu na wanafunzi hujenga utaratibu huu wa kuitikia bila kupatana kwa maneno, kwa sababu unawasitiri wote wasiaibike kwa lugha wasiyoimudu. Naona ndivyo ilivyo kwetu pia, na ni kosa kumlaumu mwalimu peke yake kana kwamba ni mvivu. Anajisitiri, na anawasitiri watoto.

Kuna la kuongeza hapa, na nalisema kwa heshima. Watoto wetu wengi husoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, tangu wadogo. Chuo kinawapa masikio makini, nidhamu na uwezo wa kuhifadhi ambao mwalimu wa Kiingereza angeutamani popote duniani. Lakini kuhifadhi kwa chuoni kuna makusudio yake. Mtoto akiuhamisha ustadi huo kama ulivyo kwenye Kiingereza, atahifadhi ukurasa mzima wa kitabu na kushindwa kujibu swali moja lililogeuzwa maneno. Mwalimu mwerevu huutumia: anawahifadhisha sentensi sita, kisha papo hapo anawataka wabadilishe mtu, mahali na wakati katika kila sentensi.

Dawa ya kipindi kisicho na mazungumzo haihitaji bajeti. Watoto wakigeukiana wawili wawili kwa dakika tano, kila mmoja anapata dakika mbili na nusu za kusema, mara tano ya ile nusu dakika, na kipindi kina dakika 35 zimebaki. Mambo mawili huharibu: kelele, na watoto kurudi kwenye Kiswahili. Yote mawili hupungua kazi ikiwa fupi na yenye mwisho unaoonekana, kwa mfano kila jozi itoe sentensi mbili na mwalimu aite jozi tatu azitakazo, si zile zinazonyoosha mikono. Mwalimu mkuu naye aelezwe mapema, asije akadhani darasa limemshinda mwenzake. Jambo jingine dogo ni kusubiri. Mary Budd Rowe aligundua Marekani kwamba walimu huuliza swali na kungoja kama sekunde moja tu kabla ya kulirudia au kumwita mwingine. Wakingoja sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili na kutafuta maneno ya Kiingereza anazihitaji sekunde hizo kuliko yeyote.

Sasa turudi kwenye ubishi wenyewe. Wanaotaka Kiingereza mapema wanaanzia kwenye mtihani. Mtihani wa kidato cha nne unatungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na masomo mengi yanaulizwa kwa Kiingereza. Anayeanza kidato cha kwanza ana miaka minne tu ya kujifunza lugha na fizikia kwa pamoja. Hoja yao ya pili ina uchungu zaidi: mwenye uwezo anampeleka mwanawe skuli binafsi inayofundisha kwa Kiingereza tangu maandalizi, na ukiwanyima hicho watoto wa skuli za Serikali umewafungia mlango kwa jina la kuwahurumia. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje haziulizi mtu alisomeshwa kwa sera gani. Tena upo ushahidi kwamba kusomeshwa kwa lugha ya pili kunawezekana: kule St. Lambert, karibu na Montreal, Kanada, tangu 1965 watoto wa nyumba za Kiingereza walifundishwa kwa Kifaransa wakafanikiwa, na lugha yao ya kwanza haikudhurika.

Lakini tazama masharti ya Kanada. Walimu walikuwa wasemaji kamili wa Kifaransa. Wazazi walichagua wenyewe, nyumba zilikuwa na vitabu, na Kifaransa kilisikika mjini. Ukiondoa masharti hayo, jina la mpango linabaki na matokeo yanaondoka. Jim Cummins, aliyewachunguza watoto wahamiaji nchini humo humo, alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo hupatikana kama miaka miwili, ila lugha ya masomo huchukua miaka mitano hadi saba, na hao ni watoto waliozungukwa nayo kutwa. Mtoto wa Konde au Makangale, huko Pemba, anakisikia Kiingereza kwenye kipindi, kisha kengele inalia.

Ushahidi wa Afrika nao unavuta upande wa pili. Huko Ife, Nigeria, mradi ulioanza 1970 chini ya Babs Fafunwa ulifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Walifanya vizuri zaidi katika masomo mengine, na katika Kiingereza hawakuachwa nyuma na wenzao waliohamia Kiingereza baada ya miaka mitatu. Mpinzani ana haki ya kusema kwamba mwalimu maalumu na vitabu vipya vilichangia. Ni kweli, na mimi nalichukua hilo kuwa ndilo funzo lenyewe: mwalimu wa Kiingereza anayekijua aliwasaidia watoto kuliko sayansi iliyofundishwa kwa Kiingereza kilichopinda.

Kwetu hapa, utafiti ulioongozwa na Pauline Rea-Dickins wa Chuo Kikuu cha Bristol pamoja na wataalamu wa Zanzibar ulitazama mitihani ya sekondari. Maswali yaliulizwa kwa Kiingereza cha mtihani, kwa Kiingereza kilichorahisishwa, na kwa Kiswahili. Wapo wanafunzi waliokaa kimya mbele ya swali la Kiingereza na kudhihirisha kwa Kiswahili kwamba jibu wanalo. Mtihani wa sayansi ulikuwa umegeuka mtihani wa lugha, bila kumwambia mtu.

Tuangalie hilo kwa karibu katika somo la mvuke. Mtoto wa Paje au Micheweni ameona mwani ukianikwa tangu hajaanza skuli. Anajua kwamba siku ya jua na upepo hukauka upesi, na kwamba ukirundikwa unabaki na unyevu chini. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe ya kuvukiza: joto, mwendo wa hewa, eneo lililo wazi. Darasani anaandikiwa ubaoni mistari 12 ya Kiingereza yenye neno "evaporation", anaulizwa kama ameelewa, anajibu ndiyo. Hakuna aliyemuuliza juu ya mwani.

Somo hilo hilo lingeweza kwenda hivi. Dakika nane za mwanzo, kwa Kiswahili, jozi zinaelezana kwa nini mwani uliotandazwa hukauka kabla ya uliorundikwa. Dakika tano, mwalimu anatoa maneno ya Kiingereza, yasizidi manane, kila moja na mchoro au kitendo. Kisha anaandika kiunzi kimoja cha sentensi, "Water evaporates faster when … because …", na watoto wanakijaza kwa mdomo kwa jozi kabla hawajashika kalamu. Dakika 12 za mwisho kila mmoja anaandika sentensi tatu, mwalimu akipita na kusahihisha kitu kimoja tu: sababu baada ya "because". Hukwama wapi? Mwalimu akitoa maneno 20, yote humwagika. Akikiacha kiunzi ubaoni wiki nzima, watoto hukinakili kama pambo, kwa hiyo siku ya tatu kifutwe. Na akisahihisha kila kosa la kibainishi, kama "a" na "the", daftari linajaa wino mwekundu na mtoto anaacha kuandika.

Hisabati ina mitego yake, midogo na ya hatari. Kiswahili cha darasani husema kumi na mbili kutoa tano, na mtoto huandika namba kwa mpangilio aliousikia. Kiingereza kinamwambia "Subtract 5 from 12", naye anaandika 5 − 12. Mwalimu anaweka mkasi, anadhani mtoto hajui kutoa. Anajua sana. Kilichomwangusha ni "from". Maneno ya namna hii hayazidi dazeni mbili katika hisabati ya msingi, na mwalimu wa Kiingereza na wa hisabati wakikaa pamoja saa moja watayaorodhesha na kugawana nani afundishe lipi lini. Katika skuli nyingi wawili hao hawana kikao cha pamoja hata kimoja kwa muhula.

Kusoma ndiko kunakopuuzwa zaidi. Batia Laufer na Paul Nation ni miongoni mwa waliopima maneno mangapi msomaji lazima ayajue. Ukijua 95 kwa kila maneno 100 unasoma kwa kusaidiwa, na ili usome peke yako unahitaji kama 98. Kitabu cha sayansi chenye neno geni kila mstari hakisomeki, hata kigawiwe bure. Watoto hawapati maneno kwa orodha, wanayapata kwa hadithi nyepesi zinazorudiwa. Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi kama 250 kwa kila darasa katika skuli za vijijini za Fiji mwanzoni mwa miaka ya 1980, visomwe nusu saa kwa siku, na watoto wakasonga mbele katika kusoma na kusikiliza karibu mara mbili ya wenzao. Skuli isiyo na vitabu 250 inaweza kuanza na karatasi za manila: hadithi ya sentensi kumi, herufi za sentimita nne ili aliye nyuma azione, mchoro mmoja, na isomwe siku tano kwa namna tano.

Kwa upande wangu, ningeusogeza mbele mpaka huo wa darasa la tano: sayansi na hisabati ziwe za Kiswahili hadi mwisho wa msingi, na saa zile 500 zikombolewe kwanza. Gharama yake naiona. Zanzibar iliwahi kuwa na darasa la matayarisho la mwaka mmoja, OSC (Orientation Secondary Class), kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza, kwa ajili hasa ya lugha, na sera ya 2006 ikaliondoa. Anayetaka kuchelewesha Kiingereza cha masomo lazima aseme daraja lake litakuwa wapi na litalipiwa na nani. Jibu langu ni muhula mzima wa kwanza wa kidato cha kwanza, vipindi vya Kiingereza viwili kwa siku, vikichukua maneno yake kutoka vitabu vya sayansi vya muhula unaofuata, na karatasi za mitihani za miaka miwili ya mwanzo zichapwe kwa lugha zote mbili. Kuchapa lugha mbili kunaongeza kurasa na kazi ya tafsiri, wala si zaidi ya hapo.

Na hata sera ibaki kama ilivyo, mkaguzi anaweza kuanza Jumatatu. Leo anafungua faili la mwalimu, anatazama azimio la kazi na andalio la somo, anatia saini. Aongeze safu tatu kwenye fomu yake: watoto wangapi walisema sentensi yao wenyewe katika kipindi, dakika ngapi zilikwenda kwenye kunakili, na mwalimu alingoja sekunde ngapi baada ya kuuliza. Saa ya mkononi na kalamu vinatosha, na kituo cha walimu cha karibu kina mahali pa kukaa kuyajadili matokeo ijumaa mbili kwa mwezi.