Flashi Ndani ya Birika

Kompyuta yangu haina makosa. Hilo nataka lieleweke kwanza. Inawaka. Ukishaibonyeza unaweza kwenda kununua mahamri, ukarudi, ukala na mbaazi, ukanawa mikono, nayo bado inazungusha kile kiduara chake, lakini mwisho inawaka. Herufi ya P imeng'oka, kwa hiyo nikitaka kuandika "pesa" nadunga kwa ncha ya kalamu, na huenda ndiyo sababu pesa zenyewe hazinijii. Skrubu za chini zimeliwa na chumvi ya bahari. Betri inadumu muda wa kusoma Fatiha. Mbali na hayo, mashine nzima.

Sasa mashine kama hiyo, isiyomdai mtu, ikaanza kunitolea ujumbe kwenye kioo: Windows 10, mfumo unaoiendesha, mwisho wake wa kuhudumiwa ni tarehe 14 Oktoba 2025. Nikaufunga. Ukarudi. Nikaufunga tena, kama mtu anayemfungia mlango mwenye nyumba tarehe 5. Tarehe yenyewe ikapita, kompyuta haikulipuka, nikacheka. Binti yangu mdogo ndiye aliyeniharibia furaha. "Baba, kuwaka itaendelea kuwaka, lakini ikipatikana tundu la kupitia wezi, hakuna tena atakayekuja kuliziba." Ni sawa na nyumba ambayo haijaanguka ila askari wa usiku kachukua kiti chake na kurunzi yake kaenda zake.

Haya, nikapanda matatu kutoka Kisauni mpaka Mwembe Tayari, kwa kijana mmoja fundi. Yuko ghorofani, kazungukwa na kompyuta zilizopasuliwa kama samaki wa kuanikwa. Akaigeuza yangu, akaisoma tumbo.

"Ami, hii haiwezi kwenda Windows 11."

"Kwa nini?"

"Prosesa yake, ule ubongo wake, ni kizazi cha nne. Wenyewe wanataka kuanzia cha nane. Na kile kichipu cha kutunza funguo za siri, TPM, chako ni 1.2. Wanataka 2.0."

Yakhe, mimi nilikotoka kizazi cha nne ndio wanaoamkiwa! Huku ndio wanaofukuzwa. Nikamuuliza kama kwa hiyo niitupe. Akasema hapana, ataniwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kushika nafasi ya Windows, ni ya bure, haina ukali kwa mashine kongwe, hata ikiwa na ram ya gigabaiti 4 itajivuta. Akaipakua mbele yangu, karibu gigabaiti 3, kwa intaneti yake (nilimshukuru kwa dhati, maana kwa bando langu ingemalizika Idi). Nikaona tumeshamaliza. Nikavuta kiti.

"Umefanya bekapu, nakala za akiba za vitu vyako, ami? Maana hapa diski nafuta yote."

Na hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Watu wanakwambia kubadilisha mfumo ni nusu saa. Ni kweli, ni nusu saa. Hawakwambii ya kabla yake.

Nilitaka kumwachia afanye yeye. Nikafungua mdomo, nikakumbuka, nikaufunga. Ndani ya kompyuta ile imo video ya kupamba ya binti yangu mkubwa. Anayezijua harusi za kwetu ameshaelewa. Saa tatu za wanawake peke yao, nywele wazi, dhahabu nje, wanacheza chakacha. Mimi mwenyewe, niliyelipa ukumbi, nimepigwa marufuku kuifungua. Ningemwachia kijana wa Mwembe Tayari akeshe nayo? Nusu ya Mombasa ingeniachisha mke, na nusu nyingine ni ndugu zake.

Fundi, kwa heshima yake, hakuuliza. Akanipa masharti: nakala tatu, kwenye vitu viwili vya aina tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa sababu moto ukizuka au mwizi akiingia, anachukua kompyuta na flashi iliyo kando yake. Nikamwambia mwanangu, mimi sina kitu chochote maishani mwangu nilichokuwa nacho vitatu. Hata kanzu ninazo mbili, na moja ni ya kuazimwa.

Nikarudi nyumbani na kompyuta kwapani. Nikakosea kutangaza. Nilisema tu mezani, "Keshokutwa naifuta kompyuta," na ukoo mzima ukafufuka. Kumbe mle hamkuwa kompyuta, mlikuwa stoo! Mamamkwe ana picha zake za hija mle. Shemeji ana mkataba wa kiwanja. Jirani alimwekea mwanawe vitabu vya shule, mtoto mwenyewe sasa ana ndevu. Mpwa wangu wa tuktuk akapiga simu kuniambia nisiguse nyimbo zake za taarabu alizoweka 2018. Ruhusa ya kuziweka nilimpa mimi? Na mimi ni katibu wa chama cha mazishi cha mtaa, kwa hiyo kuna kumbukumbu za vikao vyote, na faili zinazoitwa "ripoti ya mwisho", "ripoti ya mwisho hasa" na "ripoti ya mwisho tumia hii". Nilipozifungua, tatu zote zilikuwa sawasawa.

Nikaketi na flashi ya gigabaiti 32. Mwanzo nyimbo, picha, makaratasi, vyote vikaingia vizuri. Nikaenda kwenye ile video, gigabaiti 6 na ushei. Ikakataa. Flashi ina nafasi ya gigabaiti 20 wazi, inaniambia faili ni kubwa mno! Nikatoa, nikapuliza, nikarudisha. Imekataa. Nikampigia fundi.

"Flashi yako imepangwa kwa FAT32, ami. Hiyo faili moja ikizidi gigabaiti 4 haipokei, hata ingekuwa tupu."

Yaani ni kama matatu ya watu 14 inayokataa mtu mmoja mnene. Akasema naweza kuifomati, yaani kuifuta na kuipanga upya, iwe exFAT inayopokea faili kubwa, lakini kwanza nitoe vilivyomo, au nitafute diski ya nje. Shemeji anayo. Nikaiazima kwa sharti la kuirudisha Ijumaa, nikatia kila kitu humo, video na yote. Kile kimstari cha kijani kikawa kinaniambia zimebaki dakika 12, kisha saa 3, kisha dakika 4, kisha saa 2. Nimepata kusubiri feri ya Likoni siku ya sikukuu, lakini feri haikwambii uongo, inakaa tu ng'ambo ukiiona.

Fundi alikuwa ameniambia tena: bekapu usiyoifungua si bekapu, zifungue uone kama zinacheza. Ushauri mzuri. Picha nikafungua, vikao nikasikiliza. Ile video ikabidi mama watoto aihakiki. Nikamwambia aangalie mwanzo, kati na mwisho, dakika mbili zatosha. Akaita dada zake. Mlango ukafungwa. Mimi nikatolewa nje na kikombe changu nikakaa barazani saa tatu kamili, nikisikia vigelegele kutoka ndani ya bekapu. Walipotoka, mmoja anafuta machozi, nikauliza, "Inacheza?" Wakanipita.

Sasa flashi niiweke wapi? Nikafikiri mahali ambapo katika nyumba ya Mswahili hapaguswi. Kabati la vioo. Mle ndani kuna seti ya chai tuliyozawadiwa siku ya ndoa, haijawahi kuona majani. Nikaifunga flashi kwa karatasi ya tishu, nikaitia ndani ya birika, nikafunika. Fundi alitaka moja iwe nje ya nyumba, nikasema tutafika huko.

Kwa fundi mambo yalikwenda bila kisa. Aliijaribu kwanza kutoka kwenye flashi yake kabla hajafuta chochote, tukaona wai-fai inashika na sauti inatoka, ndipo akabonyeza. Nusu saa, nusu saa kweli. Sasa inawaka kabla sijamaliza bismillahi, jambo linalonisumbua kidogo kwa sababu mahamri sasa nakula lini? Nikarudisha vitu vyote kutoka kwenye diski ya shemeji, nikamrudishia Ijumaa, nikajisikia mtu.

Ni Jumanne iliyofuata nilipochungulia ndani ya birika. Tupu. Na limeoshwa.

"Wale wageni wa Lamu," akasema mama watoto. "Ningewatilia chai kwenye nini? Nikakuta kiflashi, mpwao akaja kuulizia nyimbo zake, nikampa."

Wajua redio ya tuktuk haibagui. Ukiichomekea inacheza kila mp3 inayoikuta, kwa mpangilio wake yenyewe. Na mimi vikao vya chama hurekodi kwa kile kirekoda kidogo, ambacho hutoa mp3. Kwa hiyo kwa muda wa siku nne, kati ya Kongowea na Bombolulu, abiria wamekuwa wakipewa taarabu mbili, kisha kikao cha chama cha mazishi cha Machi 2019, kile ambacho muuza mkaa alibanwa aseme atazirudisha lini shilingi 2,000 alizokopa kwa wiki mbili. Sauti yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Rekodi ile inakatika katikati kwa sababu betri iliisha.

Nikampigia mpwa. "Mjomba, usiichukue kwanza," akaniambia. "Kuna mama mmoja ameshapita stendi yake akisubiri kusikia mwisho."

Fundi alisema nakala moja iwe nje ya nyumba. Hakusema iwe inatembea.

Jana nimekwenda soko la Kongowea kununua vitunguu. Nimeuliza bei, neno moja tu, "Ngapi?", na yule mama muuza vitunguu akainua kichwa haraka, akaniangalia, akaacha kupima.

"Ni weye! Basi yule muuza mkaa, zile elfu mbili alilipa?"

Nikamwambia hajalipa.

Akaniongezea kitunguu kimoja.